Mkanda wa Begi la Kijani

“Chuo kimewafuata mpaka mlangoni. Sasa huyu mkubwa wenu anakwenda kutafuta nini huko mbali?”

Jirani aliuliza hivyo asubuhi moja, amesimama kizingitini na kikombe kitupu mkononi, maana alikuja kuomba sukari. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa mtu wa kuuliza tu, kama wengine walivyo watu wa kupiga miayo. Mama alikuwa amebana pini midomoni, akaitikia kwa pua. Dada, ambaye ndiye aliyekuwa akisemwa, alicheka akaendelea kupiga pasi. Swali lile lingepita na upepo, lakini mdogo wa nyumba hiyo alikuwa chini ya meza ya kukatia, akiokota pini kwa kipande cha sumaku, na likamwingia.

Mtaa ulimwita Pini. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kabla ya shule: kufagia vipande vya kitambaa, kuokota pini, kutia cherehani mafuta kidogo, kisha kufungua madirisha. Madirisha ndiyo aliyoyapenda zaidi. Mama yao alikuwa fundi wa mabegi ya safari, na mabegi yaliyokwisha kushonwa yalitundikwa kwenye kulabu za dari. Upepo ulipoingia yalijaa kidogo, yakanywea kidogo, kama wanyama waliolala wakivuta pumzi. Pini aliweza kusimama hapo akiyatazama mpaka akasahau kuwa kuna shule duniani.

“Pini! Umeganda tena?”

“Nayasikiliza, Mama.”

“Yanasemaje?”

“Yanakoroma.”

“Basi toka polepole, usije ukayaamsha. Kengele imeshalia.”

Tangu baba yao atangulie mbele ya haki, mabegi hayo ndiyo yaliyoilisha nyumba. Kila mwaka matokeo ya mitihani yalipotoka, wazazi walikuja na watoto wao waliofaulu. Mama aliwauliza jambo moja tu, “Unakwenda kusomea nini?” na akisikia jibu alijua akate kitambaa kiasi gani. Wakati huo chuo hakikuwepo mjini wala karibu na mji. Kijana aliyetaka kusoma zaidi hakuwa na la kufanya ila kuondoka, na aliondoka na begi la Mama begani. Wachache walirudi kukaa. Wengi walikuja likizo wamenenepa kidogo, wakasalimia wazee, wakaondoka tena. Mtaa ukabaki na wazee na watoto, katikati umepwaya kama gauni lililokosa kiuno. Pini alipokuwa mdogo aliamini kabisa kuwa mabegi yale huwameza watu. Mtu aliingia dukani, akatoka na begi, na haonekani tena.

Halafu kiwanda cha zamani cha nyuzi, kilichokuwa kimefungwa miaka mingi pembeni mwa mji, kikapakwa rangi. Madirisha yake yakatiwa vioo. Jioni moja taa zake zote zikawaka kwa mara ya kwanza, na watu wakatoka majumbani kwao kuzitazama kama wanaotazama mwezi. Kilikuwa chuo. Vijana wakaanza kuja kutoka miji ambayo Pini hajawahi kuisikia, wakiuliza njia, wakiuliza chumba, wakiuliza chakula. Mtoto wa mwenye duka la vyakula mtaani, ambaye zamani angekuwa ameshaondoka, sasa alisomea biashara hapo hapo na saa sita alirudi kwao kula. Jirani yule muulizaji aliuza kuku wake wote, akalipaka banda chokaa, akalikata vyumba. Kuanzia hapo akaitwa Mama Vyumba. Wapangaji wake walimtania kwamba alfajiri wanajisikia kuwika.

Hata kazi ya Mama iligeuka. Alishona mapazia na foronya za magodoro kuliko mabegi. Kulabu za dari zikawa na nafasi.

Ndiyo maana Pini hakuelewa kwa nini Dada aondoke. Jioni ya siku ya lile swali alimfuata Dada uani, alikokuwa akianua nguo.

“Kwani hapa hawafundishi mambo ya maji?”

“Wanafundisha ualimu, uuguzi, maabara na biashara. Maji ya chini ya ardhi bado.”

“Si usubiri waanze?”

“Nikisubiri hapa nitaota mizizi, niyanywe hayo maji yote mwenyewe.”

Pini hakucheka. Walilala kitanda kimoja tangu azaliwe, na kabla ya usingizi Dada humsimulia mito inayopita gizani chini ya nyumba, isiyo na samaki wala daraja, inayotembea polepole kama mtu asiye na haraka ya kufika. Pini aliposinzia alihisi kitanda kinaelea. Sasa alijiuliza kitaeleaje akiwa peke yake juu yake.

Begi la Dada lilikatwa kwa turubai la kijani. Mama alilishona lote mwenyewe, isipokuwa mkanda wa begani. Siku hiyo aliitwa chuoni kupima madirisha ya bweni jipya, akavaa viatu huku anasema:

“Pini, umenitazama vya kutosha. Mkanda wa dada yako ushone wewe.”

Pini alikuwa akiisubiri ruhusa hiyo tangu miguu yake ifike kwenye pedali. Na alijua namna ya kuufanya. Ncha ya mkanda hukunjwa, ikashonwa mraba, na ndani ya mraba ikapigwa mistari miwili inayokatana, kisha mshono wote ukarudiwa. “Uzito wote unakaa hapa,” Mama alizoea kusema. “Begi laweza kupendeza kama bibi harusi, lakini hapa pakilegea ni pambo la ukutani.”

Aliketi. Mtaa ulikuwa kimya, jua la alasiri limejaa chumbani kama maji ya vuguvugu. Akalitazama turubai, na polepole, kana kwamba mkono si wake, akasogeza kidude cha cherehani kwenye mishono mirefu kabisa, ile ya kushikizia, ambayo fundi huipiga ili baadaye aifumue. Akashona mraba. Akashona mistari miwili. Kwa macho haukuwa na kasoro. Hakurudia.

Aliona yote kabla hayajatokea. Dada yuko stendi, begi limejaa. Mkanda unaachia, begi linakaa chini kama mtoto anayegoma. Watu wanatikisa vichwa, mzee mmoja anasema, “Binti, hiyo ni ishara, rudi kwenu.” Nyumbani kwao ishara hazikuwa jambo la mzaha. Mama hakuruhusu mtu avuke kizingiti kwenda safari bila kuombewa. Dada angerudi, angelia kidogo, wangekunywa chai. Pini aliiona chai ile mpaka mvuke wake.

Mama alirudi amechoka. Akaligeuza begi mara moja, akampapasa Pini kichwani.

“Mkono wako umetulia, mwanangu.”

Sifa hiyo ilimchoma. Begi la kijani likapanda kwenye kulabu.

Siku chache baadaye Pini alitoka shule, akaingia dukani, akaona kulabu ni tupu.

“Begi la Dada liko wapi?”

Mama alikuwa kwenye cherehani. Dada alikuwa akikata uzi. Mama Vyumba alikuwa amekalia kiti cha wateja, kama kawaida yake, bila kuwa mteja.

“Nimempa yule binti wa maabara anayekaa kwa jirani,” Mama alisema. “Amepigiwa simu, baba yake anaumwa sana. Anaondoka na basi la jioni hii. Kaja hapa na vitu vyake kwenye mfuko wa plastiki uliopasuka.”

“Mimi ndiye niliyemtungulia,” Dada alisema. “Safari yangu bado. Langu litashonwa jingine.”

“Mpangaji wangu alivyolia!” Mama Vyumba alidakia. “Jamani! Kakaa anapiga pasi koti lake jeupe la maabara, machozi yanadondokea pasi inasema chwii, chwii. Namuuliza, mwanangu, safari ya mgonjwa na koti la chuo wapi na wapi? Ananiambia baba yake alipiga matofali ili yeye avae hilo koti, na hajawahi kumwona nalo. Asipomwona safari hii...” Akashusha sauti, akatazama sakafu.

Pini aliegemea meza. Angeweza kunyamaza. Uzi ni uzi, hukatika. Mkanda ukiachia huko njiani, nani atajua? Aliinua macho kwenye dari. Hapakuwa na upepo, na mabegi yaliyobaki yalining’inia tu, hayavuti pumzi, kama yanayosubiri kusikia.

“Mama,” alisema, “ule mkanda hautafika.”

“Hautafika wapi?”

“Popote. Nimeushikiza tu. Sikuushona. Nilitaka Dada asiondoke.”

Mkasi wa Dada ukasimama hewani. Mama Vyumba akashika mdomo. “Hee! Mtoto huyu!”

Mama hakupaza sauti. Alisimama, akachukua sindano nene, uzi uliopakwa nta na kastabini ya kukinga kidole, akavitia mfukoni.

“Twende.”

“Mama, nipige kwanza,” Pini alisema, machozi yakimtoka.

“Nikupige saa ngapi? Basi halingoji viboko. Vaa viatu.”

Walikwenda Mama, Dada na Pini, Mama mbele kwa hatua zake ndefu. Jua lilikuwa limelala juu ya mabati, na vumbi la njiani lilikuwa na rangi ya asali. Pini alikimbia na hakuisikia miguu yake. Ilikuwa kama katika ndoto zile ambazo mtu anakimbia na nyumba zinamfuata.

Stendi ilijaa watu na vifurushi. Walimkuta binti wa maabara karibu na bomba la maji, amechuchumaa pembeni ya dimbwi. Begi la kijani lilikuwa chini, mkanda wake umetoka kama ulimi. Mikononi alishika koti jeupe lililochomoka begi lilipoanguka. Mkono mmoja wa koti na upande wake wote wa mbele vilikuwa vimejaa tope.

Mama alimsukuma Pini kidogo. “Sema wewe.”

Pini akasema. Alisema yote, hata ile chai aliyoiwaza. Binti wa maabara alimsikiliza akiwa bado amechuchumaa, uso wake haujaamua utakuwa wa namna gani.

“Kwa hiyo dada yako ndiye angekaa hapa kwenye tope?”

“Ndiyo.”

“Halafu arudi nyumbani.”

“Ndiyo.”

Binti alifuta pua kwa kiganja. Akaanza kucheka, cheko lenye machozi ndani. “Mdogo wangu alificha viatu vyangu siku ninayokuja chuo. Alivitia kwenye pipa la unga. Nimesafiri mpaka huku mbali nimevaa viatu vyeupe kama mwoka mikate.”

“Mbali wapi?” Pini aliuliza.

“Hapa hapa mjini kwenu.”

“Hapa si mbali. Hapa ni hapa.”

“Kwako.”

Pini aligeuza kichwa. Akaitazama stendi ambayo ameipita maisha yake yote, lile bomba linalovuja, ukuta ulioandikwa bei za nauli, duka la soda lenye kiti kilichovunjika. Kwa muda mfupi kila kitu kilisogea, kikawa kigeni kidogo, kana kwamba na yeye ameshuka kwenye basi sasa hivi na hajui alale wapi. Kuna mtoto mahali fulani, alifikiri, anayeuchukia mji huu kwa sababu umemchukua dada yake. Hajawahi kuuona. Anauota tu usiku, mkubwa na wenye giza. Na ndio huu, wenye bomba bovu.

Mama alikuwa ameshakaa chini kwenye ukingo wa barabara, begi mapajani. Alifumua mishono ya Pini kwa kuivuta mara moja tu, ikatoka yote. “Shika hapa, kaza,” alimwambia, na Pini akakaza mkanda kwa mikono miwili huku sindano nene ikizama na kuibuka. Dada aliomba kipande cha sabuni kwa muuza chai, akalifua koti chini ya bomba, akalikamua, akalikung’uta mpaka maji yakawarukia waliokuwa kwenye foleni.

“Dada, umetuogesha!” kijana mmoja alilalamika.

“Na mlihitaji,” Dada alijibu, na foleni ikacheka.

Kondakta alipoanza kugonga ubavu wa basi, mkanda ulikuwa umekwisha. Mama alimsaidia binti kuuvaa, akamshika mabega, akamwombea pale pale katikati ya makelele, kwa maneno machache, macho yamefumbwa. Kisha binti akamgeukia Pini.

“Sijakusamehe bado,” alisema. “Nitakusamehe koti likikauka.”

Akapanda. Basi lilipogeuka kutoka stendi waliliona koti dirishani, amelishika kwa kola ili upepo ulipate. Mkono wake mmoja ulipepea nje, na Pini hakujua kama unamuaga au unamkemea.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu. Nyumbani Mama aliweka maji ya chai, akaketi mbele ya cherehani bila kushona, akamwita.

“Uongo haukai pale ulipouweka, Pini. Wewe uliushona kwa ajili ya dada yako, umevaliwa na mtu ambaye hata humjui, siku ambayo alikuwa na shida yake mwenyewe. Umeona?”

“Nimeona, Mama.”

“Na ishara ya Mungu haishonwi kwa cherehani. Akitaka kumrudisha mtu njiani, hahitaji uzi wetu.” Akafuta vumbi lisilokuwepo juu ya meza. “Wakati wetu mwenye akili alikuwa hana la kuchagua. Aliondoka tu, na sisi tulilia kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Mimi nilimshukuru Mungu chuo kilipokuja hapa. Sasa yuko wa kubaki, yuko wa kuondoka, na wako wanaokuja kwetu. Lakini achague mwenyewe. Ukimficha mtu njia ili umbakize, hujabaki na mtu, umebaki na mfungwa. Kama hutaki aende, mwambie kwa mdomo. Maneno anaweza kuyajibu. Mkanda mbovu atajibu nini?”

Dada alikuwa amesimama mlangoni na vikombe. Pini alimgeukia.

“Usiende,” alisema.

“Nitakwenda.”

“Najua. Nilitaka tu ujue.”

Dada aliweka vikombe chini, akaketi sakafuni karibu yake, na wakakaa hivyo mpaka maji yakachemka yakamwagika.

Binti wa maabara alirudi kabla wiki mbili hazijaisha. Hakupitia kwanza chumbani kwake. Alikuja moja kwa moja dukani, begi la kijani begani, akasimama mbele ya Pini.

“Limekauka,” alisema.

“Na baba?”

“Anakaa kitandani, anakula uji. Siku niliyofika alinivalisha koti akasema nizunguke. Nikazunguka. Akasema tena. Nimezunguka mpaka mama akalalamika kwamba namletea mgonjwa kizunguzungu.”

Mama Vyumba, aliyekuwa kwenye kiti chake, alijifuta macho kwa upindo wa kanga, akasingizia vumbi.

Begi jipya la Dada likakatwa, safari hii la rangi ya bluu. Pini alidhani Mama hatamwachia tena mkanda, lakini Mama alimsogezea kiti. “Kosa lilikuwa lako, na marekebisho ni yako,” alisema, akaenda uani kufua, hakusimama hata kumchungulia. Pini alishona mraba kwa mishono midogo iliyobanana. Akapiga mistari miwili ndani yake. Akarudia. Akarudia tena, mpaka Mama akaita kutoka uani, “Inatosha jamani, utatoboa turubai!”

Asubuhi ya safari walikusanyika kwenye chumba cha mbele. Mama alimwekea Dada mkono kichwani, akaomba kwa muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha. Begi lilikuwa sakafuni, limejaa mpaka zipu inalalamika. Dada aliinama kulichukua.

“Vuta mkanda kwanza, mwanangu,” Mama Vyumba alisema. “Uujaribu hapa hapa. Tujue kama mdogo wako leo ameshona au ameshikiza.”

Alisema kwa utani, lakini hakuna aliyecheka. Mama hakuingilia. Pini alitazama vidole vyake, na masikio yakamwaka moto. Alijua mshono ule ni mzima. Alijua pia kwamba hana haki ya kumwambia mtu amwamini.

Dada alimtazama. Hakuuvuta mkanda. Aliuvaa begani, akaacha uzito wote wa begi ushuke juu yake, akamgusa Pini shavuni kwa kidole kimoja, na akatoka nje.